Mama Maktaba na Ngome ya Krismasi

Ukimrudishia kitabu ukamwambia "kizuri", alikuwa anakisukuma kifuani mwako na kusema, "Haya, nenda kakisome sasa."

Hakuwa anatania. Nimewaona watu wazima, wenye wake wawili na shamba la pamba, wakirudi nyumbani na kitabu cha ufugaji wa kuku kwapani kama watoto waliofukuzwa darasani kwa kucha chafu. Neno hilo alilichukia kabisa. "Hata uji ni mzuri," alisema. "Mgonjwa anayetaka watu watoke alale, naye anasema anaendelea vizuri. Mimi sikuulizi hali ya kitabu. Nakuuliza mmegombana wapi."

Tulimwita Mama Maktaba. Jina lake tulilijua, naye alijua kwamba tunalijua, lakini lilikuwa jina la siku ya mshahara tu. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kwaluguru, kimoja cha vile vijiji vilivyokusanywa miaka ya ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili kando ya barabara kama watu wanaosubiri kukaguliwa. Tulikuwa na duka la kijiji, ghala, ofisi ya Mwenyekiti, na ubavuni mwa ghala chumba kimoja chenye dirisha moja na harufu ya dawa ya pamba. Hicho ndicho kilikuwa maktaba. Rafu mbili, mabenchi, meza yenye mguu mmoja mfupi. Vitabu vilikuwa vya choo bora, vya pamba, vya uji wa mtoto, vya siasa, na hadithi chache za sungura ambazo wazee walizisoma kwa siri wakizifunika na choo bora.

Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na ninavyoandika haya bado sijamaliza kupumzika. Wenzangu walikwenda Tanga, wengine Dar es Salaam. Mimi nilifika mpaka kwenye kigoda cha mama yangu, nikaona panatosha. Watu hudhani kukaa nyumbani ni uvivu. Waulize waliojaribu. Kukaa nyumbani kunataka bidii kubwa, maana kila anayepita anakuona na kila anayekuona anakutafutia kazi. Aliyenitafutia nyingi kuliko wote alikuwa yeye. Aliniita Bwana Kidato.

"Bwana Kidato, baba yako alikula bada la muhogo bila mboga ili wewe usome," alikuwa akiniambia juu ya ukuta. "Njoo basi tuone hiyo mboga ilikokwenda."

Yeye alikuwa Msambaa wa milimani, Mkristo, aliyekuja kuishi na sisi Wazigua, wengi wetu Waislamu, na utani wa pande hizi mbili hauhitaji mtu kufundishwa. Tulimwambia kwao watu wanalala na mawingu kitanda kimoja. Yeye alisema kwetu mvua ikinyesha tunaiuliza kitambulisho. Mwaka mzima alivaa sweta la kijani, kwenye jua letu la Handeni ambalo kuku wanalikimbia. Ukimuuliza, anakutazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi sikio moja: "Ninyi mnadhani baridi inatoka nje."

Alikuwa mtu wa sheria, na sheria zake nyingine alizivunja mwenyewe. Alikataza chakula karibu na vitabu. Lakini mfukoni mwa sweta lake hamkukosa bisi, na zaidi ya mara moja nilifungua kitabu nikakuta punje imelala katikati ya ukurasa kama msafiri aliyechoka. Alimnyima Mwenyekiti wa kijiji vitabu msimu mzima wa palizi kwa sababu alikunja pembe ya ukurasa. Mwenyekiti alikuja kuomba msamaha na kuku. Akapokea kuku, akamnyima kitabu.

Kuhusu kelele ndipo aliponishangaza zaidi. Pamoja na vitabu vya kwanza lilikuja tangazo la herufi kubwa: KIMYA. Alilitundika upande wa nje wa mlango. "Walio nje wanyamaze," alisema, "ili wasikie wanachosema walio ndani." Ukipita alasiri ungedhani humo ndani kuna kesi ya mipaka ya shamba.

Maana Alhamisi, watu wakishatoka shambani na swala ya alasiri imeisha, ilikuwa siku ya kurudisha maneno. Kitabu hukukirudisha kwa kukiweka mezani, ulisimama nacho mkononi ukasema unakionaje. Aliyeshika kitabu ndiye mwenye sauti, na hakuna kumkatiza mpaka akiweke chini. Wasiojua kusoma nao walidaiwa, kwa sababu yeye au mimi tuliwasomea. "Sikio nalo limesoma," alisema, "lisilete hila." Yuko mzee aliyesimama na kitabu cha choo bora akasema mwandishi wake hajawahi kuchimba hata shimo la kuzikia paka katika udongo wetu, kwamba vipimo vile ni vya watu wenye mchanga, na kwamba yuko tayari kumkaribisha aje na sururu yake mwenyewe. Mama Maktaba alitembea kijiji kizima jioni ile, kifua mbele, akimwambia kila aliyekutana naye, "Kijiji changu kinasoma kwa meno."

Nami nasema bila aibu: tulijivuna. Vijiji vingine vilikuwa na trekta. Sisi tulikuwa na maoni.

Sasa nije kwenye ngome.

Mke wa fundi mmoja wa Kizungu, waliokuwa wanakaa Hale kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, aliporudi kwao aliacha sanduku la vitabu, na kwa njia zake mwenyewe Mama Maktaba akalipata. Vingi vilikuwa vya mapishi ya vitu tusivyovijua. Kimoja kilikuwa hadithi, na jaladani kulikuwa na jumba kubwa la mawe, weupe umefunika kila kitu, na msichana mwenye koti jekundu akitazama juu kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Hiki kina nini?" aliniuliza.

Nikasoma kidogo nikiwa nimesimama, mguu mmoja tayari umeelekea nyumbani. "Mapenzi, mama. Mapenzi na Krismasi."

"Alhamisi utatusomea."

"Kwa Kiingereza?"

"Macho yasome Kizungu, mdomo useme Kiswahili. Si ndiyo mboga tuliyokuwa tunaitafuta?"

Hivyo kwa Alhamisi kadhaa nilikaa kwenye kiti cha mbele, mimi nisiyependa kukaa mbele hata msibani, nikitafsiri kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Nilisema "ngome", na mara moja watu wote wakaona boma la Mjerumani la kule Handeni, kwa sababu jumba jingine la mawe lenye kuta nene hawakuwahi kuliona. Sikuwasahihisha. Mimi mwenyewe nilikuwa naliona boma hilohilo. Tatizo ni kwamba bomani ndiko babu zetu walikopelekwa kwa ajili ya kodi, na ilituchukua muda kukubali kwamba kuna binti anaweza kwenda mahali kama pale kwa hiari yake halafu akapendwa.

Theluji ilitusumbua vilevile. Mama Maktaba akaingia ghalani, akatoka na pamba viganja viwili, akaipuliza juu ya vichwa vyetu. "Sasa fikirini ni baridi," alisema. Mzee wa choo bora akatoa kipande kwenye ndevu zake, akakitazama. "Kama inaanguka yenyewe, bila kupaliliwa," alisema, "hawa watu wanalia nini?"

Hadithi yenyewe ilikuwa tamu, utamu wa kuuma jino. Binti mwoka keki anaitwa ngomeni kutengeneza keki za sikukuu. Mwenye ngome ni kijana, amerithi, amenuna tangu ukurasa wa kwanza, na anataka kuiuza ngome aende zake. Theluji inaziba barabara, binti hawezi kuondoka. Wanagombana kuhusu mlango, wanagombana kuhusu mbwa, wanacheza dansi, wananyamaza. Mkesha wa Krismasi kengele zinalia, kijana anapiga goti, pete inatoka, ngome haiuzwi tena. Hakuna anayekufa. Hata mbwa, aliyekuwa anaumwa, anapona. Nilipofika penye busu nilikohoa, nikasema, "Wakasalimiana sana." Mama Maktaba Kiingereza alikuwa nacho cha shule ya misheni, kidogo, lakini cha kutosha kumkamata mwizi. "Bwana Kidato," alisema, "hebu irudie salamu hiyo." Watu waligonga mabenchi mpaka meza ikaanguka upande wa mguu mfupi.

Halafu ikafika Alhamisi ya kurudisha maneno, na chumba kilijaa mpaka madirishani. Nasema madirishani kwa heshima, lilikuwa moja.

Aliyeanza ni mama muuza vitumbua, tuliyemwita Bi Vitumbua, mwenye mikono yenye makovu ya mafuta. Alikishika kitabu kama kikaango.

"Mimi huyu binti namwonea uchungu. Tangu mwanzo anakanda unga. Ngome nzima inakula! Nani kamwambia pole na kazi? Hakuna. Yule kijana anakuja kumwambia macho yake yanang'aa. Yanang'aa kwa moshi, mwanangu! Mimi yangu yameng'aa miaka mingi, mbona sijaletewa pete?"

Akafuata binti mmoja wa darasa la kisomo cha watu wazima, aliyekuwa ameolewa mwaka uleule na bado sauti yake ilikuwa ya uchumba. "Washenga hawapo. Shangazi hayupo. Mwanaume anapiga goti mwenyewe, binti anaitikia mwenyewe. Siku wakikosana, atakwenda kumshtaki kwa nani? Kwa theluji?"

Mzee mmoja wa Kimasai, aliyekuja kuuza maziwa akanaswa na hadithi, aliomba kitabu akakishika juu chini.

"Wewe msomaji. Umesoma yote?"

"Nimesoma yote, mzee."

"Hukuruka?"

"Sikuruka."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hawakutajwa, mzee."

"Mbwa katajwa."

"Ndiyo, mbwa katajwa."

"Analinda nini?"

Mzee akakiweka kitabu mezani kwa huruma. "Huyo si tajiri," alisema. "Huyo ana mawe."

Mwenyekiti akasimama, akajikohoza kama yuko mkutanoni. "Ndugu wananchi. Vyumba arobaini, mtu mmoja. Sisi tuliambiwa tusogee tukae pamoja. Tumesogea, wengine tumeacha miembe na makaburi. Huyu kijana yeye mbona hajasogea?" Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa na mfupa ndani.

Ikawa kila mtu anaipiga ngome jiwe lake, mpaka fundi cherehani wetu, mtu mkimya ambaye kwa kawaida maoni yake yalikuwa ya nusu sentensi, akanyoosha mkono akapewa kitabu. Alilitazama jalada.

"Mimi nimeipenda," alisema.

"Aa-a!" watu wakalia.

"Nimeshika kitabu," akawakumbusha, nao wakanyamaza. "Mwaka ule wa njaa nilishona sanda nyingi kuliko nguo. Mnajua. Sasa nimekaa hapa Alhamisi zote hizi nikisubiri nani atakufa. Nilisema atakufa binti. Halafu nikasema bibi wa ngomeni. Halafu angalau mbwa. Hakuna aliyekufa. Nimekwenda nyumbani nikalala vizuri. Mimi naona waachwe na ngome yao."

Akakiweka chini. Mama Maktaba alivua miwani, akaifuta na sweta, akaivaa, akaivua tena.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Siku zile kila mkusanyiko uliisha kwa azimio. Tukikutana kuhusu nguruwe pori, azimio, na kuhusu kisima, azimio. Mwenyekiti alipoona watu wamejaa, wamesema, wamepinga, mdomo wake ukaenda wenyewe. "Basi tuazimie," alisema. Tukaazimia. Yule binti asiolewe mpaka washenga watumwe na shangazi apatikane. Na ngome itolewe iwe shule na zahanati, kijana apewe nyumba ya kawaida kama watu. Mikono ilikwenda juu yote isipokuwa wa fundi cherehani. Mama Maktaba alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuzuia. "Kikao ni kikao," alisema.

Mwezi ule Mwenyekiti alikwenda kwenye mkutano wa tarafa. Akasimama kutoa taarifa ya kijiji, akataja mvua, akataja pamba, akataja kisima, na katika mtiririko uleule, bila hata kuvuta pumzi, akasema kijiji kimeazimia kumzuia binti mmoja asiolewe na kijana mwenye ngome ya vyumba arobaini mpaka taratibu zifuatwe, na kwamba ngome hiyo itaifishwe. Akakaa. Hakutaja kitabu. Kwetu nani hakujua kuwa ni kitabu?

Wiki haikuisha Land Rover ikasimama mbele ya ghala. Akashuka bwana mmoja mwenye madaraka ya elimu, suti ya mikono mifupi imekuwa nyekundu kwa vumbi, na nyuma yake mgambo wawili.

"Yuko wapi huyo mwenye ngome?"

Tulitazamana. Ilikuwa Alhamisi, tulikuwa wengi.

"Yuko kwenye rafu, Bwana Afisa," alisema Mwenyekiti.

"Na huyo binti?"

"Naye yuko kwenye rafu."

Ilipomwingia kwamba amekunywa vumbi lote lile kwa ajili ya hadithi, uso wake ulibadilika. Alikitwaa kitabu, akaitazama picha, akatutazama sisi. Taifa zima linahimizwa kilimo, alisema, na sisi tumekaa kivulini tunasomea majumba ya makabaila. Mbolea inakuja kwa lori na haina pa kulala, na hapa chumba kizima kimepewa mapenzi. Akageuka kwa mgambo. Chumba kifungwe, vitabu vya kilimo vipelekwe ofisini, hivi vingine vipakiwe.

Naomba mnielewe. Kwa mtu kutoka nje kilikuwa chumba chenye harufu ya dawa. Lakini ndani ya kijiji kile ambamo tulipangwa mistari na kuambiwa wapi tuchimbe choo na lini tupalilie, hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu aliulizwa anaonaje. Kikifungwa, tungerudi kuwa watu wa kuitikia. Na yeye angerudi milimani, maana bila chumba hakuna Mama Maktaba. Mimi shujaa wenu nilikuwa nimesimama nyuma ya rafu, nikijaribu kufanana nayo.

Yeye alivuta kiti. "Karibu ukae, Bwana Afisa. Umekisoma?"

"Sina haja ya kukisoma."

"Basi hujaja na maoni, umekuja na amri. Amri zinapokelewa ofisini kwa Mwenyekiti, mlango ule wa pili. Hapa tunapokea maoni."

"Mama, unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimekupa kiti chenye miguu yote."

Mgambo mmoja alicheka, akajifanya amepaliwa. Bwana Afisa hakukaa. Akakiinua kitabu juu. "Hiki kinawafundisha watu kutamani ngome!"

"Nani kaitamani?" Bi Vitumbua alisema kutoka benchi la nyuma. "Mwanangu, vyumba vile nani wa kuvifagia?"

"Tumeazimia iwe zahanati," alisema Mwenyekiti.

"Na binti hatujamruhusu," alisema yule wa kisomo.

Bwana Afisa akawatazama mmoja mmoja. "Ninyi nyote mmepinga?"

"Mimi sikupinga," alisema fundi cherehani, kwa upole. "Mimi nimewaachia ngome yao."

"Wewe! Kwa nini?"

Fundi akamweleza kama alivyotueleza, sanda na yote. Bwana Afisa akaanza kumjibu. Akamwambia faraja ya namna hiyo ni kama pombe, kwamba mtu akilala vizuri kwa ajili ya ngome ya mwenzake hataamka kujenga ya kwake. Kisha akasema hapana, hakumaanisha ajenge ngome, alimaanisha nyumba. Akaeleza kuhusu mama yake mwenyewe, aliyefua nguo za Wazungu katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, na jinsi Krismasi ilivyokuwa siku ya nguo nyingi kuliko zote. Akasema kama kuna binti anapika keki katika ngome ile, yuko mwingine anafua mashuka ya vyumba arobaini, na huyo mwandishi hakumwandika. Alisema muda mrefu. Hakuna aliyemkatiza, maana kitabu kilikuwa mkononi mwake na sheria tulikuwa tunaijua. Nadhani kilichomshangaza ni hicho: kimya chetu hakikuwa cha woga.

Alipokiweka mezani, Mama Maktaba aliitikia kwa kichwa. "Hayo sasa ni maoni. La fundi wetu sikubaliani nawe. La huyo mfuaji umetupiga sote, hakuna aliyemwona. Tumeyapokea."

Bwana Afisa akapangusa paji la uso. Aliondoka bila kufunga mlango. Kwenye Land Rover, mguu mmoja ndani, akamwita. "Chumba kibaki, mama. Lakini kinabaki kwa ajili yako. Siku utakayoondoka wewe, mbolea inaingia." Alisema akitabasamu, na sote tulielewa kwamba halikuwa tabasamu la mzaha.

Tangu siku ile mwili wa Mama Maktaba ukawa ndio kufuli la chumba. Akiugua malaria, alifungua, akakaa kwenye kiti amejifunika kanga juu ya sweta akitetemeka na kudai maoni. Binti yake aliyekuwa anakaa Korogwe alikuja kumchukua zaidi ya mara moja, akaondoka na mapera na hasira. Magoti yalikataa, akatembea na fimbo. Nikamwambia siku moja juu ya ukuta, "Mama, pumzika kidogo." Akanijibu, "Hiyo kazi umeichukua wewe, Bwana Kidato, wawili hatuwezi kuajiriwa." Ni macho ndiyo yaliyomshinda. Alianza kusoma kwa kukisogeza kitabu dirishani, kisha nje ya mlango, kisha juani kabisa, mpaka siku moja jua lilikuwa la kutosha na yeye akakifunga kitabu polepole. Binti yake alipokuja safari ile, mama hakubisha, akaondoka naye.

Mbolea iliingia wiki ile ile. Walitimiza ahadi.

Ikapita masika nzima kabla sijakwenda kumwona. Korogwe si mbali, ninyi mnajua, lakini kwa mtu kama mimi hata kisimani ni safari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa. Kila aliyetoka kule alisema mama anauliza chumba, nao walimjibu "kizima", kwa kumwonea huruma. Mimi nilijua mtu huyo humwambii "kizima" akakuacha.

Nilimkuta barazani kwa binti yake, mtaa wa karibu na reli, akichambua maharage kwa vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Kidato. Nani kakufukuza nyumbani?" Hakungoja jibu. "Chumba?"

"Mbolea imeingia, mama. Mpaka darini. Rafu wamezitoa."

Vidole vyake viliendelea na maharage, vikapata jiwe, vikalitupa. "Vitabu?"

"Viko kwa Bi Vitumbua, kwenye debe la unga. Yeye ndiye anayesoma sasa. Anasoma polepole, tunagombana katikati ya maneno."

"Mnakaa wapi?"

"Juu ya magunia. Wametuachia kama upana wa mlango. Alhamisi watu wanapanda juu ya mbolea. Mwenye gunia la juu ndiye anayeanza."

Aliacha maharage. "Mnasoma nini?"

Nikamwambia: hadithi ya ndugu wawili waliogawana kisima, mkubwa akachukua asubuhi na jioni, mdogo akaachiwa mchana wa jua kali.

"Mwenyekiti kasemaje?"

"Kasema mkubwa ana haki, ndiye aliyechimba."

"Na mkamwacha?"

"Fundi alimjibu kidogo."

"Kidogo!" Sinia la maharage lilipigwa chini mpaka binti yake akachungulia kutoka ndani. "Aliyechimba? Nani alimbebea udongo? Huyo mkubwa alichimba akiwa peke yake shimoni, udongo ukaruka wenyewe kama theluji? Bwana Kidato, kamwambie Mwenyekiti nimekataa. Kamwambie achunguze pale mwanzo, mama yao anapopeleka chakula kisimani kinapochimbwa, kuna sahani mbili. Mlipitia sahani mbili bila kuuliza ya pili ni ya nani? Na huyo Bi Vitumbua kamwambie asisome tu, asimame penye sahani. Basi la Handeni linaondoka saa ngapi?"

"Mama, nimefika sasa hivi. Nilidhani nilale."

"Utalala kwenu, ndiyo kazi yako. Leo ni Alhamisi."

Sikupewa hata chai. Njia nzima nilikuwa narudia kwa sauti ndogo, udongo, sahani mbili, nani alibeba, udongo, sahani mbili, mpaka jirani yangu wa kiti akahama. Niliposhuka sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ghalani, nikawakuta juu ya magunia, vichwa vimegusa bati, sauti ya Bi Vitumbua ikijikokota kwenye mstari. Nilisimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mama Maktaba amekataa," nikasema.

Kisha Mwenyekiti, kutoka gunia la juu kabisa, akasogea kunipa nafasi.

"Panda ukae, useme polepole," alisema. "Na usivue viatu. Mimi nina la kumjibu, na basi la asubuhi linaondoka mapema."